Kichwa cha Pistoni na Kikokotoo Kilichosema SAWA



Samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Kazi za kutafuta kodi ya nyumba na pesa za stima zilinizidi. Lakini leo nina jambo ambalo limenikaa rohoni, na nisipoliandika halitanitoka. Linahusu injini, linahusu hesabu, na zaidi ya yote linatuhusu sisi tunaoandika programu na kuwapa watu wengine wazitumie.

Kama hujawahi kuishika pistoni mkononi usiogope, nitaeleza pole pole. Na nyinyi wahandisi mnivumilie, mimi ni mtu wa kompyuta tu.

ILIVYOANZA

Kuna fundi mmoja mzee wa jua kali, upande wa Kariobangi, ambaye tumefahamiana tangu alipofufua jenereta yangu iliyokuwa imekataliwa na kila mtu. Siku moja aliletewa injini ya dizeli ya silinda moja, zile nzito za mwendo wa pole pole zinazoendesha visiagi huko mashambani. Nguvu za farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika, tundu la silinda lenye kipenyo cha milimita 114. Pistoni yake ni ya chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kasti.

Sehemu ya juu ya silinda ilikuwa imeliwa na kutu, ikapelekwa kwa lethi ikachongwa hadi ikanyooka. Shida ni kwamba baada ya kuchongwa, silinda ilikuwa fupi. Pistoni ikipanda, inagonga silinda hedi.

Mwenye kisiagi alikuwa na haraka. Watu wanasubiri unga. Yule mtu wa lethi akaleta wazo la mkato: tuichonge na pistoni yenyewe, tutoe milimita 3 kichwani, biashara iendelee. Fundi wangu akasita. Akapima unene wa kichwa cha pistoni akapata kama milimita 11. Kisha akanipigia simu.

"Kijana wangu, wewe ndiwe mtu wa kompyuta. Hebu niulizie hiyo mashine yako. Pistoni hii ikibaki na milimita 8, itastahimili?"

Mnajua jinsi mtu anavyojisikia akiulizwa swali kama hilo na fundi anayemheshimu. Nilivimba kichwa. Jioni hiyo hiyo nikatafuta kwenye mtandao, nikapata fomyula ya unene wa kichwa cha pistoni, nikaandika ukurasa mdogo wa JavaScript wenye visanduku vinne na kitufe kimoja. Nikajaza takwimu za ile injini, nikabonyeza. Jibu: milimita 5.1. Na kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 5.1, chini yake pakatokea neno moja, kwa rangi ya kijani, herufi kubwa: SAWA.

Nikamtumia kiungo. Akakifungua kwenye simu yake, akaona kijani, akamwambia mtu wa lethi, "Kompyuta imesema sawa."

Kesho yake nikamwonyesha mpwa wangu anayesomea uhandisi wa mitambo. Nilitaka sifa, sitaficha. Akautazama msimbo kwa dakika moja hivi kisha akauliza, "Mjomba, hii ni ya joto. Ya nguvu iko wapi?"

Sikuelewa swali. Alipomaliza kunieleza, jasho jembamba lilikuwa linanitoka. Nikampigia fundi. Pistoni ilikuwa tayari imebanwa kwenye lethi. Haikuwa imechongwa kwa sababu moja tu: stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Kwa mara ya kwanza maishani nikashukuru kwa giza.

KAZI MBILI ZA KIPANDE KIMOJA

Sasa niwaeleze alichonieleza mpwa wangu, maana ni elimu nzuri hata kama hutawahi kufungua injini.

Kichwa cha pistoni ni ule uso wa juu unaotazama moto. Kina kazi mbili, na kila kazi ina hesabu yake.

Kazi ya kwanza ni kubeba shinikizo. Mafuta yakiwaka, gesi inasukuma ule uso kuelekea chini. Tuchukue shinikizo la juu kabisa liwe nyutoni 5 kwa kila milimita ya mraba, kadirio la kawaida la vitabu kwa injini ndogo isiyo na taabo. Kwenye tundu la milimita 114, hiyo ni kama nyutoni 51,000. Kwa lugha ya sokoni, ni uzito wa zaidi ya tani 5 umewekwa juu ya sahani inayotoshea kwenye kiganja kilichokunjuliwa. Injini yenyewe ni ya mipigo minne, kwa hivyo kwenye mizunguko 650 moto unawaka mara 325 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 19,500. Siku ya kazi ya saa 8 ni mara 156,000.

Kazi ya pili ni kuondoa joto. Gesi inapowaka hupita nyuzi 2000, na alumini ya kawaida huyeyuka ikifika kama nyuzi 660. Mbona basi pistoni haziyeyuki kila siku? Kwa sababu moto huo ni wa kufumba na kufumbua, na joto linaloingia kichwani linakimbilia pembeni, linapita kwenye ringi, linaingia kwenye ukuta wa silinda na hatimaye kwenye maji au hewa ya kupoza. Kichwa kikiwa chembamba mno, njia ya joto inakuwa nyembamba, na katikati panabaki na joto jingi kuliko pembeni.

Kwa hivyo kuna unene unaotakiwa na nguvu, na kuna unene unaotakiwa na joto. Mbunifu anapiga hesabu zote mbili, kisha anachukua ule mkubwa. Mimi nilipiga moja tu. Tena ile ndogo.

HESABU YENYEWE

Ya nguvu inajulikana kama fomyula ya Grashof. Franz Grashof alikuwa mhandisi Mjerumani, alizaliwa Düsseldorf mwaka 1826 na kufariki 1893, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wahandisi wa Ujerumani mwaka 1856. Fomyula inasema hivi:

unene = kipenyo × kipeuo cha pili cha (3 × shinikizo ÷ (16 × mkazo unaoruhusiwa))

Mkazo unaoruhusiwa ni kiasi tunachokubali chuma kibebe bila wasiwasi. Kwa kasti vitabu vya ubunifu wa mashine hutoa 35 hadi 40 kwa vipimo vya nyutoni kwa milimita ya mraba. Kwa alumini ya pistoni 50 hadi 90. Kwa feleji iliyofuliwa 60 hadi 100. Tukichukua kasti kwa 38:

unene = 114 × kipeuo cha pili cha (15 ÷ 608) = milimita 17.9

Ya joto iko hivi:

unene = joto linalopita ÷ (12.56 × upitishaji wa chuma × tofauti ya halijoto kati ya katikati na pembeni)

Nguvu za farasi 6 ni kama kilowati 4.5. Tukisema injini inakula kilo 0.25 za dizeli kwa kila kilowati kwa saa, na kila kilo ina kilojuli 42,000, basi moto unatoa kama kilowati 13.1. Vitabu hukadiria kwamba asilimia 5 ya joto hilo hupitia kwenye kichwa cha pistoni, yaani wati 656. Upitishaji wa kasti ni 46.6, na tofauti ya halijoto inayokubalika kwa kasti ni nyuzi 220. Ukigawanya unapata mita 0.0051, yaani milimita 5.1.

Haya basi. Joto linadai milimita 5.1. Nguvu inadai milimita 17.9. Kikokotoo changu kilimjua mmoja tu kati ya hawa wadai wawili, kikamwambia mzee wa watu SAWA.

ILE 12.56 NI NINI?

Hapa ndipo aibu yangu ya kitaaluma ilipo. Nilipoinakili ile fomyula niliona 12.56 nikaiandika vile vile. Sikujiuliza ni nini. Sisi watengenezaji programu tuna jina kwa namba ya namna hii: namba ya kichawi. Ukiiona kwenye msimbo wa mwenzako unamcheka. Kwangu niliipitisha kwa sababu ilitoka kwa "wahandisi".

Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, gawanya kwa pai." Nikagawanya. 12.56 ni pai mara 4.

Ukishajua hivyo, fomyula inafunguka kama mlango. Inasema: chukua sahani ya duara, mwaga joto sawasawa juu yake yote, liache litoke pembeni tu. Tofauti ya halijoto kati ya katikati na ukingo itakuwa joto lote gawanya kwa pai mara 4, mara upitishaji, mara unene. Ndiyo yote. Hakuna mahali popote shinikizo linatajwa. Kama ningejiuliza swali moja la kitoto, "hii namba imetoka wapi?", ningeona mwenyewe kwamba fomyula hii haijui kabisa kama kuna tani 5 zinazogonga juu ya hiyo sahani.

Kuna na shida ya vipimo. Fomyula ya nguvu ukiipa milimita inakurudishia milimita. Ile ya joto inarudisha mita. Ukiipa kilowati badala ya wati, jibu linapungua mara elfu moja. Visanduku vyangu havikuwa hata na jina la kipimo. Mkisema hayo ni makosa ya wanaoanza, kumbukeni chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter. Kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika Mars kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kana kwamba ni nyutoni. Hao walikuwa wataalamu. Mimi na JavaScript yangu ya jioni moja je?

FUNDI ALINICHEKA

Nilifikiri hadithi imeisha. Nikarekebisha kikokotoo kikapiga hesabu zote mbili, kikachukua kubwa, kikasema 17.9. Nikaenda Kariobangi mwenyewe kuomba msamaha na kuonyesha toleo jipya.

Mzee akavaa miwani, akatazama, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo sasa kompyuta yako inasema pistoni hii yenye milimita 11 ilifaa ivunjike zamani. Na imesaga unga miaka na miaka."

Sikuwa na jibu. Na hapo ndipo nilipoelewa jambo kubwa kuliko lile la kwanza.

Fomyula ya Grashof haizungumzii pistoni. Inazungumzia sahani bapa, tupu, ya duara, iliyoshikwa kwa nguvu ukingoni kote, inayosukumwa sawasawa. Geuza pistoni uichungulie kwa ndani. Utaona mbavu zinazopita chini ya kichwa. Utaona masikio mawili manene yanayoshika pini. Hivyo vyote vinasaidia kubeba. Juu ya hayo, ile 38 tuliyoiweka ina akiba kubwa ndani yake: kasti ya daraja la 200 huvunjika ikivutwa kwa kama 200, si 38. Kwa hivyo 17.9 ni makadirio ya mtu mwoga, mahali pa kuanzia unapochora pistoni mpya kwenye karatasi tupu. Si hukumu juu ya pistoni iliyopo mkononi.

Tena lile neno "iliyoshikwa ukingoni" si dogo. Kama sahani hiyo hiyo ingekuwa imeegemezwa tu ukingoni, kama sufuria juu ya mafiga, hesabu ingedai unene zaidi kwa asilimia 28 hivi, yaani milimita 23. Pistoni halisi iko katikati ya hali hizo mbili. Na ukibadilisha kasti kwa alumini, je, mkazo ni 50 au 90? Kwa 50 unapata milimita 15.6, kwa 90 unapata 11.6. Tofauti ya milimita 4 nzima iko kwenye chaguo moja la menyu ambalo mtumiaji hata hajui maana yake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo fomyula ilipotusaidia kweli. Mpwa wangu alisema tuache kuiuliza "unene gani unatosha" na badala yake tuiulize "nini kitabadilika nikitoa milimita 3". Mkazo unakwenda kinyume na mraba wa unene. Ukitoka 11 kwenda 8, mkazo unaongezeka kwa 11 gawanya 8, mara yenyewe tena. Hiyo ni 1.89. Karibu maradufu! Umechonga kama robo tu ya unene, lakini mzigo ndani ya chuma umekaribia kuwa mara mbili. Na tofauti ya halijoto nayo imepanda kwa asilimia 37 kwa wakati huo huo.

Kwa sahani tupu, milimita 11 ingekuwa na mkazo wa kama 101. Milimita 8 ingekuwa na 190, na tumesema kasti ya daraja la 200 huvunjika karibu na 200. Mbavu zinasaidia, ndiyo, lakini akiba iliyokuwa inaificha pistoni hiyo kwa miaka yote ingekuwa imeliwa kwa dakika kumi za lethi. Na chuma huchoka. Kinaweza kustahimili mara ya kwanza, na mara ya elfu, halafu ufa mdogo ukaanza kutembea. Kumbuka ni mara 156,000 kwa siku. Kichwa cha pistoni kikipasuka injini ikiwa katika mwendo, vipande vinagonga silinda hedi, konrodi inapinda, na katika chumba kile cha mabati huwa kuna watu wamepanga foleni na debe za mahindi.

Mzee alipoiona ile 1.89 hakucheka. Akasema tu, "Hiyo ndiyo nilikuwa nahofia."

MAONI YANGU

Sasa nifike kwenye neno langu la leo.

Yule mzee alikuwa na shaka. Shaka yake ilitokana na miaka mingi ya kuona vyuma vilivyovunjika. Ilikuwa shaka sahihi. Kilichomwondolea shaka ni programu yangu. Bila mimi, angekataa. Na mtu wa lethi angenung'unika, na mwenye kisiagi angengoja siku mbili zaidi, basi. Programu yangu haikuongeza elimu yoyote pale. Iliondoa tahadhari iliyokuwepo.

Ndiyo maana nasema: kikokotoo kisichosema kimedhania nini ni hatari kuliko kutokuwa na kikokotoo. Mtu asiye na namba anajua kwamba hajui. Mtu mwenye namba yenye nukta moja ya desimali anafikiri anajua.

Nimesikia wenzangu wakinipinga. Mmoja aliniambia, "Fundi hataki somo, anataka jibu. Ukimwekea maelezo kurasa tatu hatasoma." Ni kweli hatasoma kurasa tatu. Lakini hoja hiyo inamdharau fundi. Huyu mzee alielewa "mkazo utakuwa karibu mara mbili" haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Hakuhitaji kurasa tatu. Alihitaji sentensi mbili za kweli mahali ambapo mimi niliweka neno moja la kijani.

Mwingine alisema kwamba siku hizi hakuna anayetumia fomyula hizi za zamani, watu wanakata umbo zima kwa kompyuta kuwa vipande vidogo maelfu na kupiga hesabu ya kila kipande. Sawa, na programu huria za kufanya hivyo zipo. FreeCAD ikishirikiana na CalculiX inaweza, na hulipi hata senti. Lakini hata huko lazima useme pistoni imeshikwa wapi, shinikizo ni kiasi gani, chuma ni kipi. Ukidanganya pale mwanzoni utapata picha nzuri ya rangi saba yenye uongo ndani. Afadhali hata ile fomyula fupi, maana unaweza kuitazama yote kwa jicho moja na kuona kinachokosekana.

Na wapo wanaosema, ya nini kuandika programu, uliza tu hizi akili bandia. Uliza. Lakini kabla ya kumpa mtu wa lethi jibu, liulize maswali yale yale ambayo mimi sikuyauliza: hii ni ya nguvu au ya joto? Namba hii imetoka wapi? Vipimo gani? Umedhania nini kuhusu kipande ambacho hujakiona? Kama huwezi kuyajibu wewe mwenyewe, hujapata jibu, umepata namba tu.

NILICHOBADILISHA

Toleo la sasa la kikokotoo changu lina mambo haya, na nawaomba wenzangu wanaoandika zana kama hizi wayafikirie:

1. Kinapiga hesabu zote mbili na kuonyesha zote mbili, kisha kinasema ni ipi inayotawala na kwa nini.

2. Kila kisanduku kina kipimo chake kimeandikwa ubavuni, na ukiweka namba ya ajabu kinauliza badala ya kunyamaza. Wati 0.656 kwa injini ya kisiagi? Hapana, rudia.

3. Hakuna namba ya kichawi. Pale palipokuwa na 12.56 sasa pameandikwa 4 mara pai, na juu yake mstari mmoja unaoeleza ile sahani ya duara na joto lake.

4. Dhana zimeandikwa juu ya jibu, si chini kabisa kwa herufi ndogo: sahani bapa, haina mbavu, imeshikwa ukingoni, shinikizo limekadiriwa.

5. Kina sehemu ya pili kwa mafundi: unene wa sasa, unene baada ya kuchonga, na mkazo utaongezeka mara ngapi. Hii ndiyo sehemu inayotumika zaidi. Inahitaji namba mbili tu, na haitegemei sana makadirio yangu.

6. Neno SAWA nimelifuta. Halipo tena popote. Mimi sijaiona pistoni yako. Sijui kama ina ufa, sijui kama ilishachongwa na mtu mwingine kabla yako. Nani amenipa mamlaka ya kukuambia sawa?

Mnauliza ile injini iliishia wapi? Mzee aliiacha pistoni na milimita zake zote 11. Akaweka shimu chini ya silinda, kati yake na bloku, silinda ikapanda kwa kiasi kile kile kilichokuwa kimechongwa juu. Pistoni ikapata nafasi yake. Gharama ilikuwa ndogo na kazi ilichukua alasiri moja. Yeye alikuwa ameifikiria njia hiyo tangu mwanzo, lakini mtu wa lethi alikuwa na haraka, na kompyuta ilikuwa imesema sawa.

Nilimuuliza mbona hakuniambia siku ile ya kwanza kwamba ana wasiwasi na jibu langu. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake. "Kijana wangu, wewe umesoma. Nikadhani umeliangalia."

Sijaweza kulisahau neno hilo. Kila programu tunayotoa, mtu fulani mahali fulani anadhani tumeliangalia.

Tukutane tena hivi karibuni, stima ikiwepo. Na wewe uliyefungua pistoni nyingi kuliko mimi, kama kuna mahali nimeteleza katika hesabu hizi, niandikie. Nitarekebisha, na nitasema wazi kwamba nilikosea.